Sura ya Sita: Amri Isiyofika Mkononi

Mtu akivunjika shingo, mkono wake hauharibiki. Misuli ipo, mifupa ipo, na ubongo unaendelea kuutaka mkono uinuke. Kilichokatika ni njia ya katikati, yaani uti wa mgongo, unaobeba amri kutoka kichwani hadi kwenye viungo. Mkoani Songwe habari hii si ya mbali. Barabara kuu ya TANZAM inaupasua mkoa kupitia Mlowo, Vwawa na Mpemba hadi Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia. Malori yaliyosheheni shaba, mafuta na mbolea yanapishana na bodaboda usiku na mchana, na wanaoishi kandokando ya lami wanajua kwamba majeruhi wa ajali hawafi wote. Wapo wanaorudi nyumbani wakiwa hai lakini hawawezi kuinuka kitandani. Kiolesura cha ubongo na kompyuta kimebuniwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Kinainasa amri pale inapozaliwa, kompyuta inaitafsiri, kisha amri inapelekwa kwenye mkono wa roboti, kishale cha skrini, sauti ya mashine au hata misuli yenyewe. Daraja likikatika, malori hupewa mchepuko. Kifaa hiki ni mchepuko wa amri. Hoja ninayoitetea katika sura hii ni kwamba kiolesura si uchawi wala si kichezeo cha matajiri. Ni tiba. Lakini ni tiba inayokuja mwishoni mwa safu ndefu ya huduma, na mkoa usiokuwa na huduma za mwanzo wa safu hiyo hautanufaika na ile ya mwisho hata ikitolewa bure.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na seli hizo huwasiliana kwa kemikali na kwa umeme. Maelfu ya seli yanapofanya kazi kwa pamoja, umeme wao hupenya fuvu na kufika kwenye ngozi ya kichwa, ingawa unafika ukiwa dhaifu mno. Betri ndogo ya tochi ina volti 1.5; mawimbi ya ubongo yanayopimwa juu ya ngozi mara nyingi hayafiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya hiyo. Daktari wa Kijerumani Hans Berger, akiwa katika mji wa Jena, aliyarekodi mawimbi hayo kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Kipimo alichokianzisha ndicho ambacho hospitali hukiita EEG, na hadi leo ni kipimo muhimu cha kumchunguza mgonjwa wa kifafa. Mwaka 1973 Jacques Vidal, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliuliza kama mawimbi hayo yangeweza kuiongoza kompyuta, na ndiye aliyekipa kiolesura jina lake. Historia hii inatuonyesha jambo ambalo wengi hawalioni: mashine inayomsaidia aliyepooza kuandika na mashine inayomsaidia daktari kutambua kifafa zimetoka katika ukoo mmoja. Fundi anayejua kuweka elektrodi za EEG vizuri na kusoma mistari yake amekwisha kujifunza nusu ya kwanza ya kazi.

Kuziweka vizuri kwenyewe kuna mambo yake. Elektrodi ni kisahani kidogo cha chuma kinachopakwa jeli na kubanwa kwenye ngozi ya kichwa. Nywele zikikinyanyua kikaachana na ngozi, hata kwa unene wa uzi, umeme haupiti na mstari unaotoka ni kelele tupu. Kofia za EEG zilibuniwa na watu waliokuwa wakizingatia nywele laini zinazolala. Kwenye nywele za Kiafrika, zilizojikunja na kujaa, kofia inakaa juu ya nywele badala ya kukaa juu ya ngozi. Mwaka 2020 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, akiwemo Arnelle Etienne, walionyesha ufumbuzi ambao msusi yeyote wa Tunduma angeuelewa mara moja: nywele zisukwe mistari iliyonyooka, mtindo tunaouita twende kilioni, ili ngozi ibaki wazi kati ya mistari kwa kufuata sehemu ambazo elektrodi zinatakiwa kukaa, kisha kibanio kishikwe na mistari yenyewe. Somo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Chombo kinachotengenezwa bila kuwafikiria watu fulani kitawasoma watu hao vibaya, na daktari anaweza kudhani tatizo liko kwenye ubongo kumbe liko kwenye kofia.

EEG husikiliza kwa mbali, kwa hiyo haiwezi kutofautisha amri ya kidole kimoja na ya kingine kwa uhakika wa kutosha. Anayetaka kusoma amri zilizo bayana zaidi hana budi kuingia ndani ya fuvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Apostolos Georgopoulos, akifanya utafiti wa nyani katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aligundua kwamba kila seli katika sehemu ya ubongo inayoongoza viungo ina upande inaoupenda: moja huchachamaa zaidi mkono unapokwenda kushoto, nyingine unapokwenda juu. Ukizisikiliza seli nyingi kwa pamoja na kujumlisha pande zao, unaweza kujua mkono unataka kwenda wapi. Kompyuta hufundishwa kwa njia hiyo hiyo. Mgonjwa huombwa ajaribu kusogeza mkono kulia, kushoto, juu na chini, mara nyingi mfululizo. Programu inalinganisha mpigo wa seli na upande ulioombwa, mpaka iweze kukisia upande kwa kuangalia mpigo peke yake. Mwaka 2004 kijana wa Kimarekani Matthew Nagle, aliyekuwa amepooza kuanzia shingoni tangu 2001, aliwekewa kifaa cha mraba chenye upana wa milimita 4 na elektrodi 96, kidogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho. Alisogeza kishale cha kompyuta, akafungua barua pepe, na akafumba na kufumbua mkono wa bandia. Jambo kubwa lililothibitishwa pale halikuwa kishale. Ni kwamba miaka mitatu baada ya njia kukatika, ubongo ulikuwa bado unatoa amri. Ushahidi huo ungetosha kubadilisha namna tunavyomwangalia mtu aliyelala kitandani mwaka wa tatu, ambaye majirani wamekwisha kumhesabu kuwa amekwisha.

Kutoka kwenye mikono utafiti ukahamia kwenye kinywa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti kwamba mgonjwa aliyepoteza usemi aliweza kutoa maneno 62 kwa dakika kwa kujaribu tu kuyatamka; mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza hufikia takriban maneno 160. Karibu neno moja kati ya manne lilikosewa pale kompyuta ilipotakiwa kuchagua kutoka orodha ya maneno 125,000. Mwaka uliofuata, timu ya Chuo Kikuu cha California mjini Davis ilimwezesha mgonjwa mwingine kuongea kwa usahihi wa asilimia 97, tena kwa sauti inayofanana na yake ya zamani, iliyotengenezwa kutokana na rekodi za kabla hajaugua. Mifumo hii haisomi maneno moja kwa moja. Inasoma sauti ndogo ndogo za lugha, 39 kwa Kiingereza, kisha programu iliyofundishwa kwa maandishi mengi inakisia sauti hizo zinaunda maneno gani. Hapa ndipo Songwe inapoguswa. Kiswahili kina bahati ya kuandikwa karibu kama kinavyotamkwa, lakini kitenzi chake hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo orodha ya maneno yaliyo tayari haitoshi. Programu lazima ijue kuyaunda. Na mgonjwa ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kinyiha au Kinyamwanga atahitaji rekodi na maandishi ya lugha hiyo, vitu ambavyo hakuna kampuni ya California itakayovikusanya kwa niaba yetu.

Wengine watasema hayo yote ni ya ng'ambo. Lakini ndugu wa karibu wa teknolojia hii wamekwisha kufika. Kiolesura si lazima kitoe habari ubongoni. Kinaweza pia kuziingiza. Kipandikizi cha sikio la ndani humsaidia mtoto kiziwi kusikia kwa kuiruka sehemu ya sikio iliyoharibika na kuuchokonoa mshipa wa kusikia kwa umeme moja kwa moja. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapandikizia watoto kifaa hicho mwaka 2017; kabla ya hapo familia zililazimika kupelekwa nje ya nchi, hasa India. Vilevile kuna vifaa vinavyochokonoa kina cha ubongo kupunguza mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson, tiba iliyoasisiwa na Alim-Louis Benabid mjini Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Na tangu 2013 Marekani imeruhusu kifaa kinachokaa ndani ya fuvu, kinachosoma mawimbi ya mgonjwa wa kifafa kila wakati na kutoa mpigo mdogo wa umeme kuzuia shambulio kinapoona dalili zake. Hicho cha mwisho ni kiolesura kamili: kinasoma, kinaamua, kinajibu.

Uzoefu wa kipandikizi cha sikio una funzo kuu la sura hii. Upasuaji ni kazi ya saa chache, lakini siku mtoto anaporudi nyumbani bado hajui kusikia. Ubongo wake unapokea mipigo ya umeme ambayo haujawahi kuipata, na kwa miezi na miaka lazima afundishwe kwamba mpigo huu ni mlango na ule ni jina lake. Kifaa kinahitaji kurekebishwa, betri zinahitaji kubadilishwa, na mzazi anahitaji mtu wa kumwuliza. Mtoto aliyegundulika mapema hufaulu zaidi kuliko aliyechelewa, maana yake ni kwamba muuguzi wa kliniki ya watoto anayeshuku uziwi mapema ana nafasi kubwa katika matokeo kama daktari bingwa. Ondoa muuguzi huyo na mwalimu wa kusikia, na kipandikizi kinabaki chuma kichwani.

Sasa tuuangalie mkoa wenyewe. Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una watu zaidi ya milioni 1.3 kwa sensa ya 2022. Kwa wataalamu wa magonjwa ya ubongo, wilaya yake ya Mbozi inajulikana kwa sababu isiyopendeza: minyoo ya tegu wa nguruwe. Anayekula kitimoto kisichoiva, chenye vifuko vyeupe vya mnyoo, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka kwenye kinyesi, na nguruwe anayezurura huyala pale pasipo na choo. Hatari kubwa zaidi ni mtu anapoyameza mayai hayo kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, kwani viluwiluwi huweza kusafiri kwa damu mpaka ubongoni, vikakaa humo na kusababisha kifafa. Hata ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe anaweza kuupata ugonjwa huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika vijiji vya Mbozi ulikuta karibu mtu mmoja kati ya sita ana dalili za maambukizi hai katika damu yake, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ambako tegu huyu amekita, takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana naye. Kumtibu kunahitaji picha ya ubongo kwanza, kwa sababu dawa inayoua viluwiluwi inaweza kuleta uvimbe ndani ya fuvu. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia kifaa cha kuzima kifafa kwa umeme, mkoa huu una kifafa kinachoweza kuzuiwa kwa choo, kwa ukaguzi wa nyama na kwa sufuria inayochemka vya kutosha.

Pingamizi la kwanza linatokea hapo hapo. Kama choo kinaokoa ubongo mwingi kuliko kompyuta, kwa nini tuandike sura nzima juu ya kompyuta? Pingamizi hili lina uzito, na nalikubali kwa sehemu: shilingi ya kwanza iende kwenye choo na kwenye dawa za kifafa. Ninachokataa ni dhana kwamba mambo haya mawili yanagombea mfuko mmoja. Mtu aliyekwisha kupooza hasaidiwi na choo. Utafiti wa kiharusi uliofanywa wilayani Hai na jijini Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kasi ya kiharusi Dar es Salaam, baada ya kuzingatia umri, ilikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 300 kwa kila watu laki moja kwa mwaka, juu kuliko katika nchi nyingi tajiri. Shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo mchangiaji mkubwa. Tunduma inakua kwa biashara ya mpakani, na mji unaokua hivyo hubeba pia magonjwa ya miji. Kwa waliopata kiharusi, kiolesura chenye manufaa ya karibu ni kile kisichohitaji kisu. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha kifaa kinachosoma EEG upande wa ubongo usiodhurika na kuufungua na kuufunga mkono uliodhoofu kila mgonjwa anapojaribu. Hata hicho kinafanya kazi ndani ya mazoezi tiba. Hakichukui nafasi ya mtaalamu wa mazoezi tiba.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, kwa wenye matumaini makubwa. Wanasema simu ya mkononi iliruka hatua zote: Tunduma haikusubiri simu za mezani, na leo fedha zinavuka kaunta bila noti. Kwa nini ubongo usiruke vivyo hivyo? Kwa sababu simu haipasuliwi kichwani. Ikiharibika, unaipeleka kwa fundi au unanunua nyingine. Kipandikizi kikileta maambukizi, mgonjwa anahitaji daktari wa upasuaji wa ubongo, na kutoka Tunduma hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni zaidi ya kilomita 900. Tishu za ubongo huota kovu kuzunguka elektrodi na ishara kufifia. Mgonjwa wa kwanza wa kampuni ya Neuralink, aliyepandikizwa Januari 2024, alipoteza sehemu ya ishara zake baada ya baadhi ya nyuzi kujivuta kutoka ubongoni, na wahandisi wakalazimika kurekebisha programu. Funzo chungu zaidi ni la kampuni ya Second Sight, iliyowawekea vipofu zaidi ya 350 duniani kifaa cha jicho, kisha ikaishiwa fedha mwaka 2020; wagonjwa wakabaki na mashine machoni mwao bila wa kuitengeneza. Kama hayo yaliwapata wakazi wa nchi tajiri, mkulima wa kahawa wa Mbozi ana haki ya kuuliza kabla ya kusaini: kampuni ikifa, nani atanihudumia?

Pingamizi la tatu ni la hofu: mashine inayosoma ubongo itasoma siri. Kwa sasa hofu hiyo imezidi uwezo wa mashine. Mifumo niliyoieleza husoma jaribio la kutamka au kusogeza kiungo, baada ya saa nyingi za mafunzo ya hiari. Haichoti kumbukumbu wala imani ya mtu. Lakini sheria hutungwa vizuri kabla ya madhara, si baada yake. Chile iliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo katika katiba yake mwaka 2021, na mwaka 2023 mahakama yake ya juu iliamuru kampuni moja ifute data za ubongo za mwanasiasa aliyetumia kifaa chake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo katika zile zinazohitaji uangalizi wa pekee. Mawimbi ya ubongo yanapaswa kutajwa humo kwa jina lake, ili yasichukuliwe kuwa data ya mchezo wa simu.

Kutokana na ushahidi huu, njia ya Songwe iko wazi. Kila mgonjwa wa kifafa wa Momba, Ileje, Mbozi na Tunduma apate dawa bila kukatizwa, na aweze kupimwa EEG kabla ya kusafiri hadi Mbeya. Aliyepata kiharusi aanze mazoezi tiba wiki hiyo hiyo, na wataalamu wa kazi hiyo waajiriwe mpaka ngazi ya wilaya. Vyuo vyetu vikusanye rekodi za Kiswahili na za lugha za mkoa, kwa ridhaa ya wasemaji, ili siku mashine ya kuongea itakapofika ikute lugha ya kuongea. Utafiti wowote wa kipandikizi utakaoletwa nchini usiruhusiwe bila mkataba wa huduma ya baadaye uliowekewa fedha. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalopotea kama kiolesura kitachelewa miaka thelathini, maana kila moja ni tiba kwa mgonjwa wa leo. Ndiyo sababu kujiandaa kwa teknolojia hii si kuacha mahitaji ya msingi. Ni kuyatimiza, kwa mpangilio, na kuyasimamia hadi mwisho.